Mifupa ya Mwali

Mji wa Bagamoyo ulikuwa na makungwi wengi miaka ile, na wawili kati yao walimzidi Mwanajuma binti Mwishehe kwa nyimbo na kwa maneno ya kumfunda msichana. Hata hivyo akina mama waliwapita hao wakaenda mtaa wa Dunda, nyumbani kwa Mwanajuma, kwa sababu moja tu: wanawali wake walitoka weupe. Msichana aliyeingia mikononi mwake amebabuka kwa jua la shamba alitoka na rangi ya tangawizi iliyomenywa, laini, amenenepa, mishipa ya buluu ikionekana juu ya viganja. Watu walikuja kutoka Kiromo na Mapinga kuangalia tu.

Alichokuwa nacho ni giza na subira. Chumba cha wanawali kilikuwa katikati ya nyumba, hakikupakana na ukuta wa nje hata upande mmoja. Mlangoni palikuwa na mapazia mawili mazito, moja juu ya jingine. Mwali hakutoka mchana kwa jambo lolote. Msalani alikwenda baada ya magharibi, amegubikwa shuka mpaka vidole vya miguu. Asubuhi alisingwa liwa, mchana alisuka ukili wa mikeka kwa mwanga wa kibatari, jioni alifundwa. Samaki hakupewa, kwa kuwa Mwanajuma alishikilia kwamba samaki humrudishia mtu weusi na kumpa harufu. Yai halikuguswa kabisa, ni utovu wa adabu. Maziwa hayakuwa chakula cha watu wa pale. Mwali alikula wali wa nazi, uji wa mchele na muhogo wa kuchemsha, akajaa mashavu, na kila aliyemwona alisema ameshiba.

Mwanajuma mwenyewe hakuwahi kupata hayo. Baba yake alikuwa mkulima wa mpunga, na alipovunja ungo mvua za masika zilikuwa zimeshapiga, mikono ya kupanda haitoshi. Wakamweka ndani siku ishirini, wakamtoa. Siku ya ngoma yake mwanamke mmoja mwenye mdomo aliuliza mbele ya watu, huyu mmemweka ndani au mmemweka juani? Uwanja mzima ukacheka. Mwanajuma alikuwa na miaka kumi na mitano. Aliolewa mara mbili na kuachika mara mbili, hakupata mtoto, akazika wazazi wote wawili, na katika hayo yote hakuna lililomkaa moyoni kama kicheko kile.

Kaka yake, Mtoro, alikuwa seremala. Alimwoa Ashatu, mwanamke mrefu, mwenye sauti, aliyezoea kucheka mdomo wazi hata mbele ya wageni. Ndoa ilidumu miaka saba, kisha Ashatu mwenyewe akadai talaka yake, akaipata, na baada ya eda akaolewa na fundi wa malori huko Chalinze. Mtoro alirudi kula jikoni kwa dada yake, ameinamisha kichwa kama mtu aliyefiwa, na Mwanajuma alikuwa akimtilia mchuzi huku akimlaani wifi yake kimoyomoyo. Mtoro alipofariki kwa homa mwaka elfu moja mia tisa sitini na tano, alimwacha binti mmoja, Mina, wa miaka kumi na miwili. Ashatu alikuja msibani, na baada ya arobaini akaomba mtoto wake. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema mtoto ni wa upande wa baba. Mwanajuma ndiye aliyewapikia siku hiyo.

Mwaka uliofuata Mina alivunja ungo. Alikuwa darasa la nne, mwepesi wa hesabu, mwembamba, mwenye mbio kuliko wavulana wa mtaa. Mwanajuma alimtoa shule siku hiyo hiyo, akamwingiza chumbani. Mrisho, balozi wa nyumba kumi, alikuja kuuliza, maana serikali ilitaka watoto wasome. Akaambiwa Mina amekwenda Pangani kwa jamaa. Harufu ya liwa ilikuwa inatoka chumbani na kumfikia pale barazani alipoketi. Mrisho alimaliza kahawa yake, akashukuru, akaenda zake.

Kwa kawaida mwali alikaa miezi sita. Akizidi sana, mwaka. Miezi sita ilipotimia Ashatu alikuja na kanga na marashi kwa ajili ya ngoma. Mwanajuma alimkaribisha kwa adabu zote, akamwandalia chakula, kisha akamwambia mtoto bado hajaiva. Ashatu akarudi Chalinze. Mwaka ulipotimia akaja tena, akaambiwa bado. Safari ya tatu alilia, akaruhusiwa kuzungumza na mwanawe akiwa nje ya pazia. Walisemezana kidogo, mambo ya afya na salamu, kwa sababu Mwanajuma alikuwa ameketi katikati yao na ukili wake. Na kila Ashatu aliposhika njia ya kituoni kwenda kupanda basi, Mwanajuma alijisikia ametulia, kama mtu aliyekula akashiba. Ndipo akatambua kwamba hana sababu ya kuharakisha.

Katika mwaka wa pili Mina alianza kulalamika mapaja na kiuno. Alisema maumivu hayako kwenye nyama, yako ndani, kwenye mfupa wenyewe, kama jino bovu. Mwanajuma alimwambia ni uvivu unaotafuta jina. Mkekani aliinuka kwa kujishika magoti, kisha mapaja, akijipanda mwenyewe kwa mikono kama mtu anayepanda mnazi. Mwanajuma aliona ni deko. Akawa anamsimamisha mbele yake, mikono nyuma, na kumwamuru ainuke bila kujishika, huku mwiko uko tayari. Mina alijaribu, akaanguka, akapigwa, akajaribu, akaanguka. Siku nyingine vidole vyake vilijikunja katikati ya kusuka vikakataa kukunjuka, kidole gumba kimeingia kiganjani. Mwanajuma alivikunjua kimoja kimoja kwa nguvu zake. Mina hakupiga kelele, kwa kuwa alishafundwa kwamba mwali hapigi kelele.

Siku moja mwiko ulimpata ubavuni. Halikuwa pigo kubwa. Mwanajuma mwenyewe alilijua pigo kubwa na pigo dogo. Lakini alisikia kitu kikikatika ndani ya yule mtoto, sauti ndogo kavu kama kijiti cha kuokea mishikaki. Alisimama na mwiko mkononi kitambo kizima. Kisha akachukua kanga kuukuu, akamfunga kifua kwa kukaza, akamwambia asiseme kwa mtu. Jioni akampa nyama, ambayo ilikuwa nadra. Alikuwa ameogopa, na woga ule aliutafutia mtu wa kuubeba. Akajiambia kwamba mtoto ana mifupa ya mama yake, ukoo wa akina Ashatu ndio dhaifu.

Mchumba alipatikana mwaka wa sitini na tisa, Salumu, kijana mkulima wa minazi na mihogo wa Mapinga, ambaye mama yake alikuwa amesikia habari za weupe wa wanawali wa Dunda na hakutaka mkwe wa kwingine. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata Mina akatolewa. Miaka mitatu na miezi minane ilikuwa imepita.

Ngoma yake ilisimuliwa muda mrefu. Kwa mila mwali wa siku hiyo hakanyagi chini. Wanawake wenye nguvu humbeba mabegani na kucheza naye uwanja mzima. Basi Mina alipita juu ya vichwa vya watu, ameinamisha macho, uso umepakwa liwa, mikono imepambwa hina, na weupe ule ukawafanya watu wanyamaze kwanza kabla ya kupiga vigelegele. Jua lilimuumiza macho, machozi yakamtoka, na wengi walisema ni machozi ya haya. Mwanajuma alitembea nyuma yake kichwa juu. Hakuwahi kuwa na siku kama hiyo, wala hakupata nyingine.

Ashatu alijipenyeza katikati ya wachezaji akaushika mguu wa mwanawe. Aliupapasa kutoka gotini mpaka kwenye kifundo, akausikia umepinda kwa nje.

“Wifi,” alisema, “mguu wa mwanangu una nini?”

“Una nyama,” Mwanajuma alimjibu, akawapa ishara wabebaji waendelee.

Kule Mapinga hapakuwa na mtu wa kumbeba. Asubuhi ya tatu mama mkwe alimpa ndoo, akamtazama anavyokwenda kisimani. Mina alitembea akiyumba kulia na kushoto kama bata aliyeshiba, na aliporudi nusu ya maji ilikuwa imemwagika. Jembe lilimshinda kabisa. Salumu hakuwa mtu mbaya, hakumpiga, ila alikuwa kijana, na vijana wenzake walimwuliza kama alioa mke au aliokota kuku wa kisunzi. Akaacha kuongozana naye njiani. Mama mkwe alituma maneno Dunda kuuliza kama mwali alianguka siku ya ngoma. Mwanajuma alijibu kwamba mwali alitoka mzima, kama ameharibika basi ameharibikia Mapinga.

Kisha Mina akashika mimba. Mimba ilipokua hakuweza tena kusimama bila kushikilia ukuta. Uchungu ulipomwanza, mkunga wa kijiji alihangaika naye siku mbili, na siku ya tatu akatoka nje, akamwambia Salumu ukweli: mtoto yuko, lakini njia haipo. Alisema kwamba amezalisha tangu ujana wake na hajapata kukuta nyonga za namna ile, zimejibana kama mtego. Walipata lori lililokuwa linapeleka makaa Dar es Salaam. Mina alilazwa juu ya magunia. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, alisema baadaye, alikuwa anahesabu mifupa yake upya.

Kwenye hospitali kubwa walimpasua. Mtoto, wa kiume, alikuwa amekufa tangu jana yake. Kizazi kilikuwa kimepasuka, wakakitoa. Mina alikuwa na miaka kumi na minane.

Daktari aliyekuja kumwona siku ya nne aliitwa Muhidini, mtu wa Pangani, mwenye kusema polepole, ambaye kazi yake ilikuwa mifupa. Alikuwa amejiwekea daftari la wanawake wa pwani, akipima uzito wa mifupa yao kwa njia aliyojifunza ng'ambo. Aliuweka mkono wa mtu chini ya mashine ya eksirei, na kando ya mkono akaweka kipande cha alumini kilichochongwa ngazi kumi na mbili, kuanzia nyembamba kama ukucha mpaka nene kama kidole. Picha ikitoka, mfupa na ngazi huonekana pamoja. Mfupa mzito huwa mweupe, mfupa mwepesi huwa wa kijivu. Basi hutafuta ngazi inayofanana na weupe wa mfupa, na ngazi hiyo ndiyo kipimo. Wanawake wa umri wa Mina kwenye daftari lake walikuwa kwenye ngazi ya nane na ya tisa. Mkono wa Mina ulifanana na ngazi ya tatu. Daktari alirudia kupiga picha akidhani amekosea. Na kwenye picha ya kifua aliona mbavu mbili zilizowahi kukatika na kuunga vibaya.

Alimwuliza Salumu nani aliyemlea mwanamke huyu. Salumu akapanda basi kwenda Bagamoyo kumleta Mwanajuma.

Mwanajuma alikwenda amevaa buibui jipya. Aliitikia salamu, akakaa kwenye kiti karibu na kitanda, na hakumwangalia Mina sana. Daktari alimwonyesha picha dirishani. Alimweleza bila ukali kwamba mfupa si jiwe, hujengwa na kubomolewa kila siku. Chokaa yake hutoka kwenye chakula, kwenye maziwa, kwenye dagaa wanaoliwa na miiba yao, kwenye mboga za majani. Lakini tumbo haliipokei chokaa hiyo sawasawa mpaka jua liipige ngozi. Na mfupa usiobebeshwa mzigo wala kutembezwa hulegea. Huyu alikosa vyote, tena katika umri ambao mifupa inajengwa kwa wingi kuliko wakati wowote. Kisha akabeba mimba, na mtoto akachukua kilichosalia.

“Mimi nimeweka ndani wasichana arobaini, daktari,” Mwanajuma alisema. “Wamezaa. Mbona hao hawakulegea?”

“Waliokaa muda mfupi mwili uliwavumilia. Ulikuwa unawaweka muda gani?”

“Miezi sita. Mwaka.”

“Na huyu?”

Mwanajuma alirekebisha buibui lake. Sauti ikatoka kitandani, ndogo, isiyo na hasira.

“Miaka mitatu na miezi minane.”

Daktari akamwomba Mwanajuma naye aweke mkono wake chini ya mashine, kwa ajili ya daftari. Mwanajuma alidhani ni heshima anapewa, akakubali. Picha ilipotoka ilikuwa nyeupe, mifupa minene, ngazi ya kumi. Daktari alizitundika mbili pamoja, akawaita wanafunzi wake, akawauliza upi ni mkono wa mwanamke wa miaka hamsini na sita na upi ni wa msichana wa kumi na minane. Wote walikosea. Aliwaambia kwamba mwanamke huyu amelima mpunga tangu utotoni, amekula samaki kila siku, na anatembea juani mpaka leo. Alitaka yasikike. Yalisikika, lakini si kama alivyotaka. Mwanajuma alirudi Dunda na habari kwamba madaktari wa Dar es Salaam wamempima na kumkuta ana mifupa ya kijana, na aliisimulia habari hiyo kisimani, sokoni na arusini kwa miezi.

Mina alipopata nafuu Salumu alimtoa hospitali, akapanda naye basi, na basi lilipofika Mapinga hakushuka. Alimfikisha mpaka Dunda na sanduku lake. Alimwambia Mwanajuma kwamba ameshindwa, kwamba mama yake anataka wajukuu, na kwamba talaka ameshaiandikisha kwa shehe. Alipomaliza aliketi kidogo kizingitini, akajifuta uso kwa kofia, akaondoka bila kumuaga Mina.

Daktari alikuwa ametoa maagizo. Kila asubuhi mgonjwa akae uani saa nzima, mikono na miguu wazi. Ale dagaa na mchicha. Anywe kijiko cha mafuta ya ini la samaki kutoka kwenye chupa aliyopewa. Baada ya miezi sita arudi apimwe.

Wakati ule chumbani kwa Mwanajuma kulikuwa na wanawali wawili, na mama zao walikuja kila Ijumaa na vyakula. Ua wake ulizungukwa na wigo mfupi wa makuti; apitaye njiani aliona mpaka kwenye mafiga. Mwanajuma aliwaza siku mbili. Kama Mina atakaa pale juani miguu wazi, kila mama wa Bagamoyo ataiona miguu ile, na atauliza. Siku ya tatu akamtandikia mkeka kwenye ghala nyuma ya jiko, palipowekwa nazi na kuni, akamwambia hapo pana utulivu. Wageni aliwaambia Mina yuko kwa mumewe. Ile chupa ya mafuta aliifungua, akainusa, akasema inanuka kama sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka majahazi, akaimwaga chini ya mpapai.

Mina alimwona kupitia ufa wa mlango. Alisubiri mpaka shangazi yake alipoingia kuchukua kuni.

“Daktari alisema kijiko kila siku.”

“Daktari haishi humu,” alisema Mwanajuma.

Kwa miezi saba Mina alikaa ghalani akikuna nazi za watu. Mwanajuma hakumpiga tena. Aliogopa ile sauti. Alimpa chakula kile kile cha wanawali. Wakati mwingine aliingia akamkuta amesimama ameegemea mlango, uso ameuweka kwenye ufa ambao ukanda mwembamba wa mwanga ulipita, akiugeuzia shavu hili na lile. Alimvuta akaufunga mlango.

Mtu ambaye Mwanajuma alimsahau ni Mrisho. Barua ya daktari, ikiuliza kwa nini mgonjwa hakurudi, ilipitia zahanati ikafika mkononi kwa balozi wa nyumba kumi. Mrisho alikwenda kwa Mwanajuma, na safari hii kahawa hakuinywa. Alizunguka nyuma ya nyumba bila kuomba ruhusa, akafungua ghala, akasimama mlangoni. Alikuwa mtu mzima mwenye mabinti. Alikwenda moja kwa moja kutuma salamu Chalinze kwa Ashatu, na asubuhi ya Jumatatu wote wanne, Mwanajuma akiwemo, walikuwa kwenye basi la Dar es Salaam, Mrisho akimsaidia Mina kupanda na kushuka.

Daktari Muhidini alipiga picha. Aliiweka juu ya taa, akaweka kidole kwenye mfupa, kisha akakishusha kwenye ngazi ya pili. Alimwuliza Mina kuhusu jua. Mina akajibu. Akamwuliza kuhusu mafuta. Mina akajibu, akataja na mpapai. Aliyasema yote mbele ya mama yake na shangazi yake kwa sauti ile ile ndogo, kama mtu anayesomewa orodha na kuitikia. Ashatu alitaka kuinuka, Mrisho akamshika mkono.

Daktari alimgeukia Mwanajuma. Alimwambia kwamba katika daftari lake ana wanawake waliolegea kwa njaa, kwa umaskini, kwa kuzaa mfululizo, kwa maradhi ya tumbo, na kwamba huyu ndiye wa kwanza ambaye kwenye safu ya sababu ameandika jina la mtu.

Mlangoni pa hospitali Ashatu alisema mtoto anakwenda Chalinze leo. Mwanajuma alijikaza, akaanza habari za ukoo, na uamuzi wa wazee, na kwamba mwali hatoki mikononi mwa kungwi bila ruhusa. Mina alikuwa ameshikilia nguzo.

“Shangazi,” alisema, “mimi nilishatolewa.”

Wakaondoka. Mwanajuma alirudi Dunda na Mrisho, viti viwili tofauti.

Zilipita karibu miezi kumi na minane. Chalinze kuna jua na kuna malori. Ashatu alimkalisha mwanawe kando ya barabara kuu, mbele ya sinia la machungwa na karanga, mikono na miguu wazi, asubuhi mpaka adhuhuri. Wapo madereva waliosema maneno, na yeye aliwauzia machungwa. Alikunywa mafuta yake bila kukunja uso, akala dagaa na vichwa vyao. Akawa mweusi. Maumivu yalimwachia mapaja kwanza, kisha kiuno. Kwa daktari alipanda ngazi ya nne, ya tano, ya sita. Daktari alimweleza bila kumficha kwamba mfupa utajaa, lakini uliopinda hautanyooka, nyonga hazitafunguka, na kizazi hakirudi. Mina alimshukuru, akauliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi.

Mwanajuma alimfuata huko katika mwaka wa sabini na tatu. Mjini maneno yalikuwa yamezagaa kwamba mwali wake wa sifa amekufa, na mama mmoja wa Kiromo, mwenye binti aliyeitwa Mize, alisema hatampeleka mtoto kwa kungwi mwenye damu mikononi mpaka amwone huyo Mina kwa macho yake. Mwanajuma alimkuta pale kando ya barabara. Mina alimwamkia shikamoo kwa adabu, asiinuke. Mwanajuma aliitikia marahaba. Alikaa kwenye gunia, akaeleza shida yake. Alisema aje siku moja tu, aketi barazani Dunda, avae vizuri, ajifunike miguu, mama Mize amwone, arudi.

Mina alimenya chungwa, akampa. Alimsikiliza mpaka mwisho.

“Nitakuja,” alisema. “Nitashuka kituoni niende kwa miguu mpaka Dunda, mchana, katikati ya soko. Nitakayekutana naye akiniuliza kwa nini natembea hivi, nitamweleza. Chagua siku.”

Mwanajuma alikula chungwa lile taratibu. Lori liliingia, likamwaga vumbi, likatoka. Aliuliza kama mama yake hajambo, akaambiwa hajambo, yuko shamba. Akakusanya buibui lake akavuka barabara kwenda kusubiri basi, hatua zake zimenyooka, mgongo wima, mwanamke wa miaka hamsini na minane asiye na maumivu popote.

Alipofika Bagamoyo alimwambia mama Mize kwamba amemwona Mina, ameolewa tena na mwenye lori, ana mtoto wa kiume mnene, na kinachomzuia kusafiri ni ujauzito wa pili. Mama Mize alifurahi sana kusikia hivyo. Aliuliza kama ni kweli yule binti alikuwa mweupe kama wanavyosema. Mwanajuma alimjibu kuwa walimwogopa hata kumgusa.

Mize aliletwa baada ya Idi, na mama yake aliomba akae mwaka mzima au zaidi, kadiri kungwi atakavyoona.